Smith & Wesson, bastola ndogo za silinda

Bastola ndogo za silinda za kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani kwa kawaida hubeba risasi 5 na hutengenezwa kwa ajili ya kufichwa mwilini. Ya kwanza ya kizazi cha kisasa, Chiefs Special, ilitoka 1950. Tangu 1957 huitwa Modeli 36. Ni ya chuma, ina uzito wa gramu 550 hivi, na hutumia risasi za .38 Special. Nyundo yake iko wazi: mpigaji anaweza kuikokota kwa dole gumba, kisha kifyatulio kikawa chepesi na shabaha ikatulia. Lakini nyundo hiyohiyo hunasa kwenye nguo bastola inapochomolewa mfukoni.

Modeli 642, ya aloi ya alumini, huificha nyundo ndani na ina uzito wa gramu 400 na kitu. Kuibeba kutwa nzima si kazi. Kuipiga ndiyo kazi: kila risasi hudai mvuto mrefu na mzito wa kifyatulio, na wepesi wake huongeza teke mkononi. Modeli 340PD ya aloi ya skandi ilipitiliza: gramu 330 hivi, tena kwa risasi kali za .357 Magnum. Wachache huvumilia kufanyia mazoezi risasi hizo. Wengi hurudi kwenye .38.

Kwa kulenga shabaha tu, ile nzito ya zamani, Modeli 36, bado ni bora. Modeli 60 ya 1965, ya chuma cha pua, iliiondolea kutu inayoletwa na jasho.