Jeddah: Mashabiki wa soka waliokuwa watazamaji wa kwanza wa sinema

Usiku wa tarehe 5 Disemba mwaka 2021, dereva Muingereza Lewis Hamilton alishinda mashindano ya kwanza ya magari ya Formula 1 kufanyika nchini Saudi Arabia, katika barabara za ufukweni mwa Jeddah. Siku moja baadaye, katika mji wa kale wa Jeddah uitwao Al-Balad, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Bahari ya Shamu lilifunguliwa kwa mara ya kwanza. Filamu ya ufunguzi ilikuwa Cyrano ya mwongozaji Joe Wright, filamu ambayo wahusika wake, maneno yanapowazidi, huacha kusema na kuanza kuimba.

Vyombo vingi vya habari viliyaeleza matukio hayo mawili kuwa ni mambo mapya kabisa katika ufalme huo. Kuhusu magari, hilo ni sahihi. Kuhusu watu wa michezo kukutana na filamu za nyimbo katika mji huu, si sahihi hata kidogo. Walikwishakutana nusu karne kabla, na waliokutana nazo wengine wangali hai.

Lango la Makka

Msikilizaji, Al-Balad si mahali pageni kwa watu wa pwani yetu. Kwa karne nyingi mahujaji kutoka Lamu, Mombasa na Unguja waliteremka bandarini hapo kabla ya kuendelea na safari yao, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilipouingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, liliuita Lango la Makka. Nyumba zake za ghorofa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Madirisha yake ya mbao yaliyotokeza nje, yaitwayo rawashin, humwezesha aliye ndani kuitazama barabara bila yeye mwenyewe kuonekana. Mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukuta uliouzunguka mji huo ulibomolewa mwaka 1947, lakini majina ya malango yake yamebaki midomoni mwa watu: Bab Makkah, Bab Jadid, Bab Sharif. Klabu ya Al-Ittihad ilianzishwa Jeddah mwaka 1927, wakati ukuta ungali umesimama, na Al-Ahli ikafuata mwaka 1937. Tangu hapo mji umegawanyika, rangi ya njano na nyeusi upande mmoja, kijani upande wa pili. Mtu wa Simba na Yanga, au wa Gor Mahia na AFC Leopards, anaujua mgawanyiko wa aina hiyo, unaopita katikati ya nyumba na wakati mwingine katikati ya sinia moja la wali.

Ua, projekta na shuka jeupe

Sinema iliingia Saudi Arabia katika miaka ya 1930, kupitia kambi za Wamarekani waliokuja kutafuta mafuta upande wa mashariki. Jeddah, mji wa bandari uliokuwa pia makao ya balozi za nchi za nje hadi miaka ya 1980, ilikuwa na njia zake. Kufikia miaka ya 1960 na 1970, filamu zilikuwa zikionyeshwa katika nyua ambazo Waarabu wa huko huziita ahwash. Ua wa namna hiyo haukuwa na paa. Ulihitaji ukuta, pa kukaa, projekta na kitambaa cheupe, basi. Mahali panapotajwa zaidi katika kumbukumbu za wakati ule ni Bab Sharif, na ua wa Abu Safiya uliokuwa katika mtaa wa Hindawiya, kusini mwa Al-Balad.

Na hapa ndipo soka inapoingia. Nchini humo hapakuwa na majumba ya sinema kama yale ya Cairo au Beirut. Tazama basi ni taasisi gani ya kiraia, wakati ule, iliyokuwa na ukuta, taa za umeme, viti, na ruhusa ya kukusanya vijana mia kadhaa kwa usiku mmoja bila mtu kuuliza maswali. Ilikuwa ni klabu ya michezo. Kwa sababu hiyo, Jeddah na hata Riyadh, mji unaofikiriwa kuwa mkali zaidi, vilabu vya michezo vilionyesha filamu kwa wanachama na wapenzi wao. Mtu aliyefika alasiri kutazama mazoezi aliweza kubaki hadi usiku kutazama filamu, akiwa amezungukwa na watu wale wale.

Jambo hili si dogo. Watazamaji wa sinema wa Cairo walirithi desturi zao kutoka kumbi za maonyesho ya jukwaani. Wale wa vilabu vya Saudi Arabia walizirithi kutoka kiwanjani. Shabiki wa mpira hanyamazi. Humshangilia anayempenda, humzomea asiyempenda, na mchezo ukiisha haendi kulala, huenda kubishana.

Wimbo: kuchelewesha mchezo au bao lenyewe?

Filamu zilizofika katika nyua hizo zilitoka zaidi Misri na India, na nchi hizo mbili zote zilijenga sinema zao juu ya nyimbo. Huko Misri, Umm Kulthum aliigiza katika filamu sita, kuanzia Widad ya mwaka 1936 hadi Fatma ya mwaka 1947. Farid al-Atrash na Abdel Halim Hafez walikuwa waimbaji kwanza, waigizaji baadaye. Filamu ya mwisho ya Abdel Halim, Abi Foq al-Shagara, ilitoka mwaka 1969. Huko India, ni filamu kubwa chache sana za miaka hiyo zilizothubutu kutoka bila nyimbo.

Kwa mtu aliyelelewa na mpira, filamu ya nyimbo huzusha swali la haki kabisa. Hadithi inakwenda mbio, adui yuko mlangoni, mara shujaa anasimama na kuimba kwa dakika saba. Je, huko si kupoteza muda kwa makusudi, kama kipa anayelala na mpira timu yake ikiongoza? Au wimbo ndio bao lenyewe, na hadithi yote ni pasi za kuufikia? Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Shabiki haendi uwanjani kupewa taarifa ya matokeo. Huyo angetosheka na redio au gazeti la asubuhi. Huenda kwa ajili ya chenga moja ambayo hata isipozaa bao atasimuliwa nayo mpaka uzee. Mtazamaji wa Abdel Halim pia alijua mapema kwamba mapenzi yatapata misukosuko. Alikuwa anangoja wimbo.

Ubishi huo tunaujua vizuri kwetu. Zanzibar, katika kumbi za Majestic, Empire na Cine Afrique, filamu za Kihindi zilijaza watu kupita za Hollywood, na Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliacha nyimbo zake midomoni mwa watu wasiojua neno moja la Kihindi. Waimbaji wa taarabu walizichukua tahania za filamu hizo na kuzitilia mashairi ya Kiswahili. Barazani, yaliyozungumzwa baada ya filamu yalifuatana na yaliyozungumzwa baada ya mechi, mara nyingi na wazee wale wale. Tofauti moja kubwa ilikuwa hii: Zanzibar palikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake, ambapo mabibi na mabinti walijaza ukumbi wao wenyewe. Ua wa Jeddah na klabu ya michezo vilikuwa mahali pa wanaume.

Baadaye, kumbi zetu zilipoanza kufungwa, vibanda vya video vikaunganisha mambo hayo mawili chini ya bati moja: Jumamosi mechi ya Uingereza, Jumapili filamu ya Kihindi au ya Kichina. Tanzania ilimpata Lufufu, aliyefasiri filamu kwa sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Kenya ikampata DJ Afro. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba ufundi wao umekopwa kwa mtangazaji wa mpira wa redioni, hata pale anayetangazwa ni shujaa anayemwimbia mchumba wake mlimani.

Mlango unafungwa

Mwezi Novemba mwaka 1979, watu wenye silaha wakiongozwa na Juhayman al-Otaybi waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka. Baada ya majuma mawili ya mapigano watawala waliurejesha, lakini katika miaka iliyofuata waliwapa wahafidhina mengi waliyokuwa wakiyadai. Maonyesho ya filamu ya hadhara yakakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vilabu vya michezo vilibaki na mpira peke yake.

Filamu hazikutoweka, zilihamia majumbani kwa kanda za video. Mwaka 1982 Misri ilitoa Gharib fi Bayti, ambamo Nour El-Sherif anaigiza kama mchezaji wa Zamalek anayejikuta akigombea nyumba moja na mwanamke mjane, anayeigizwa na Soad Hosny. Ni filamu iliyotengenezwa kana kwamba kwa ajili ya watu wa klabu ya michezo, ikatoka wakati mlango wa klabu umekwishafungwa kwa filamu. Msaudia aliyeitazama aliitazama sebuleni, na jamaa zake tu. Kubishana na ndugu yako juu ya filamu ni jambo jema, lakini mia tatu wasiojuana, nusu wao wapinzani wako wa soka, ni baraza la namna nyingine. Kwa miaka zaidi ya 30, baraza hilo lilibaki kwa mpira tu. Saeed Al-Owairan alipopiga chenga nusu ya timu ya Ubelgiji na kufunga katika Kombe la Dunia mwaka 1994, nchi nzima iliweza kulizungumza bao hilo hadharani. Hakuna filamu iliyopata heshima hiyo.

Aliyetaka kukaa gizani na umma ilimbidi asafiri. Mwongozaji Abdullah Al-Eyaf alitengeneza mwaka 2006 filamu ya hali halisi iitwayo Cinema 500 km, juu ya kijana wa Riyadh anayekwenda Bahrain ili aingie ukumbi wa sinema. Jina la filamu ndiyo masafa yenyewe. Disemba mwaka 2008 filamu ya kuchekesha Menahi iliruhusiwa kuonyeshwa Jeddah na Taif, kisha Riyadh mwezi Juni mwaka 2009, ambako wanawake hawakuingizwa. Mwezi uliofuata, tamasha la filamu la Jeddah lilifutwa siku moja kabla ya kufunguliwa.

Uwanja na ukumbi, wiki moja

Mlango ulipofunguliwa tena, uwanja na ukumbi vilifunguliwa pamoja. Tarehe 12 Januari mwaka 2018, wanawake waliingia kwa mara ya kwanza kutazama mechi ya ligi, Al-Ahli dhidi ya Al-Batin, katika uwanja wa Mfalme Abdullah mjini Jeddah. Katika siku hizo hizo, mji huo huo, filamu za katuni za watoto zilianza kuonyeshwa katika ukumbi wa muda. Tarehe 18 Aprili, Riyadh ikafungua jumba lake la kwanza la biashara kwa filamu ya Black Panther, na hivyo mmoja wa waigizaji wa kwanza kuonekana katika kumbi mpya za nchi hiyo akawa Mkenya, Lupita Nyong'o.

Tangu hapo kalenda za michezo na filamu zimewahi kugongana. Tarehe 22 Novemba mwaka 2022 Saudi Arabia iliifunga Argentina mabao 2 kwa 1 nchini Qatar, na kesho yake ikawa sikukuu. Tarehe 30 ikafungwa na Mexico na kutolewa. Tarehe 1 Disemba, mashabiki wangali na machungu, tamasha la Jeddah lilifunguliwa na Shah Rukh Khan wa India akatunukiwa tuzo ya heshima. Wajukuu wa wale waliokaa katika nyua wakitazama nyimbo za Kihindi walimpigia kelele zile zile za uwanjani.

Serikali imetumia fedha nyingi katika michezo na filamu, na wapo wakosoaji wanaosema lengo ni kuisafisha sura ya nchi mbele ya dunia, hasa baada ya mwandishi Jamal Khashoggi kuuawa mjini Istanbul Oktoba mwaka 2018. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila kuna jambo jingine linalosemwa kwa nadra, nalo linauhusu mji wenyewe. Kuanzia Oktoba mwaka 2021, matingatinga yaliingia katika mitaa mingi ya kusini na katikati ya Jeddah, mitaa iliyokuwa na wakazi wengi wa asili ya Afrika na Asia, na kuibomoa ili kupisha mipango mipya. Hindawiya ilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo majuma machache kabla na baada ya Cyrano kuimba katika Al-Balad, jirani yake wa kusini alikuwa akigeuzwa kifusi, pamoja na mtaa uliokuwa na ua wa Abu Safiya.

Al-Balad imenusurika kwa sababu ni ya kale na ina nyumba za kupendeza. Ua wa sinema haukuwa na cha kupendeza. Ulikuwa ukuta na watu. Disemba mwaka 2025 tamasha lilifunguliwa katika mji huo wa kale kwa filamu ya Giant, inayosimulia maisha ya Naseem Hamed, bondia wa Sheffield mwenye asili ya Yemen. Filamu ya michezo, katika mji wa Al-Ittihad na Al-Ahli. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1975, akikaa katika ua wa Bab Sharif na kubishana na jirani yake kama wimbo umezidi urefu, alikuwa na miaka 70 usiku huo.