KUTOKA MAJIMAJI MPAKA KIKUNDI CHETU: HISTORIA YA KUBEBEANA MAJONZI



Katika kutimiza miaka kumi, wengi wanatuuliza tumeweka akiba kiasi gani. Hesabu hizo mweka hazina wetu ameziandika ukurasa mwingine. Sisi hapa tunaeleza jambo lisilohesabika kwa shilingi: jinsi watu walioumizwa na vita na mateso wanavyoweza kupona wakiwa nyumbani, katikati ya majirani.

Songea inalijua jambo hili tangu zamani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa makumi ya wapiganaji wa Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikaingia. Majina ya mashujaa yanasomwa kila Februari, lakini wajane waliobaki na watoto wenye njaa hatuwasikii. Na maumivu hayafi kwa kunyamaziwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano. Miaka 117 ilikuwa imepita, na ukoo ulikuwa bado unauliza!

Baada ya Majimaji tulipokea wenzetu wa Msumbiji. Vita ya ukombozi ilipoanza 1964 walivuka mto Ruvuma, wengine wakakaa Muhukuru. Nchi yao ikapata uhuru 1975, halafu vita nyingine ikazuka, mpaka mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Mkimbizi hupewa unga, blanketi na jembe. Lakini mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa, tumbo linaweza kushiba na moyo ukabaki kulekule. Mlango ukigongwa anashtuka. Usiku halali. Watu wanasema amelogwa, kumbe anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha njia. Mwaka 2005 serikali yao ilibomoa nyumba na vibanda mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi au riziki. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kazi na mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza, kisha wanachagua shida moja na kutafuta hatua ya kwanza. Baadaye mgonjwa anaingia kwenye kikundi, wanafuma mabegi kwa plastiki na kuzungumza. Ugonjwa huo kwa Kishona wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kumbe mabibi wa kawaida, wakifundishwa na kusimamiwa, wanaweza kuponya!

Hapa Majengo jambo hili lilileta ubishi. Wengine tulisema hiki ni kikundi cha fedha, siyo hospitali. Wengine tukasema mama asiyelala atarejeshaje mkopo? Mwisho tukakubaliana hivi. Kabla ya kufungua zile kufuli tatu za sanduku, kila mmoja anaulizwa hali yake. Anayekosa mikutano miwili anatembelewa na wawili wetu kabla ya kuulizwa habari ya faini. Yanayosemwa kwenye mkeka hayaendi kisimani wala sokoni. Na anayesikia sauti, au anayetaja kujiua, hatumwachi peke yake: tunamsindikiza hospitali siku hiyohiyo, nauli inatoka mfuko wa jamii. Sisi siyo madaktari, na dawa hatutoi.

Ndugu zetu, mkopo ukichelewa unaweza kulipwa mwezi ujao. Mtu akipotea, halipiki. Hivyo tunawaomba wanachama wapya msiuone muda wa kuulizana hali kuwa ni wa kupoteza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzigo wa moyo haubebwi na mtu mmoja.



Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi
Majengo, Songea