Twende kilioni, uzi, rasta: Mitindo ya nywele Simiyu na kinachonyofoa nywele za mbele

Pamba ikishapimwa na hela ya AMCOS ikaingia mfukoni, wasusi wa Bariadi hawakai. Kuanzia katikati ya mwaka kuna harusi, kitchen party na sendofu, na kila anayekwenda anataka kichwa kipya. Kama uko Maswa, Meatu, Itilima au Busega, hii ndiyo mitindo utakayokutana nayo, na kitu kimoja cha kuangalia kabla hujakaa kwenye kiti.

Twende kilioni ndiyo mama yao. Mistari yote inalala kuelekea nyuma, inasukwa kwa mkono bila kuongeza kitu. Jina linajieleza: taarifa ya msiba ikifika, unasukwa chapchap na safari inaanza. Ni nafuu, ni nyepesi, na anayeiita ya kizamani aangalie picha za mastaa wa sasa, wanasuka hiyohiyo wakiongezea rasta.

Nywele za uzi ni za bibi zetu. Fungu la nywele linazungushiwa uzi mweusi kuanzia kwenye shina hadi ncha. Ukizifungua baada ya siku chache, kipilipili kimenyooka bila moto wala dawa. Kwa mkoa wa wakulima wa pamba, ajabu ni kwamba mtindo huu wa uzi ndio vijana wengi wanauona wa kishamba. Mimi nasema wamekosea.

Rasta ndiyo inayotawala sasa, hasa zile ndogondogo na zile zisizo na kifundo, ambazo msusi anaanza na nywele yako mwenyewe kisha anaongeza rasta kidogokidogo. Hizi zinavuta kichwa kidogo kuliko zenye kifundo, ila zinachukua muda na bei inapanda. Ukiwashwa kichwa baada ya kusuka, mara nyingi ni dawa iliyopakwa kwenye rasta kiwandani. Loweka rasta kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, anika, ndipo upeleke kwa msusi.

Wigi na wivingi ni za wenye haraka, au wenye hela. Juni 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia za ndani na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Kina dada walilalamika, ila wigi hazikuisha vichwani.

Sasa kile cha kuangalia. Msusi akikaza, wengi tunavumilia, eti zikikazwa ndiyo zinakaa. Vipele vidogo kwenye mstari wa paji la uso, maumivu yanayokunyima usingizi, ngozi kuvutika hadi nyusi zinapanda: hizo ni dalili kwamba shina linang'olewa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2007, ukiongozwa na daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo, ulikuta karibu theluthi ya wanawake waliopimwa wamepoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa. Mwanzoni zinarudi ukiacha kukaza. Ukiendelea miaka, ngozi inafanya kovu na hapo hazioti tena, hata upake mafuta gani.

Walio hatarini pia ni mabinti waliomaliza kidato cha nne. Shule nyingi za serikali zinataka wanafunzi wanyoe. Mtihani unaisha Novemba, na Desemba binti anataka rasta ndefu za sikukuu wakati nywele zake hazijafika hata nusu kidole. Msusi anazivuta kwa nguvu ili zishike. Mama au dada mkubwa, hapo ndipo pa kusema hapana: asuke mkono au uzi kwanza, rasta zitasubiri.

Pia usisuke rasta wiki hiyohiyo uliyopaka dawa ya kulainisha, kwa sababu nywele zimeshadhoofika. Usikae na rasta zaidi ya miezi miwili, na ukizifumua pumzisha kichwa wiki kadhaa kabla ya kusuka tena. Msusi akianza mistari ya mbele, mwambie mapema, "Dada, hapo legeza." Akikataa, wasusi Bariadi wako wengi.