Somo la Historia: Kutoka Mkunazini Hadi Masasi

Leo tutazungumza juu ya watu waliotolewa kwao kwa nguvu, kisha wakaanzisha mji.

Ukitoka soko la Darajani ukaingia Mkunazini, baada ya mwendo mfupi utaliona kanisa kubwa la mawe. Zamani hapo palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni, 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Lakini utumwa haukwisha siku ile. Sheria ya kuuondoa Unguja ilitoka 1897. Majahazi yaliendelea kuchukua watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikiyakamata.

Sasa fikiri, ndugu msikilizaji. Mtu ametolewa jahazini. Yu huru, lakini aende wapi? Kwao ni ng'ambo ya bahari, pengine karibu na Ziwa Nyasa. Akirudi peke yake, atakamatwa tena njiani.

Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa wamenunua shamba Mbweni, kusini ya mji, mwaka 1871. Huko watu hawa walipewa mahali pa kujenga na kulima. Wayao, Wamakua na Wanyasa wakawa majirani.

Hata hivyo, wengine walitamani kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka na wanaume na wanawake zaidi ya 50. Walivuka bahari mpaka Lindi, wakaingia bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, na baadhi yao wakasema, hapa si mbali na kwetu. Basi wakakaa, wakajenga, wakalima.

Raha haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walikishambulia kijiji. Watu waliokwisha kuonja uhuru wakatekwa mara ya pili. Lakini mahali hapo hapakufa. Leo Masasi ni mji katika Mkoa wa Mtwara.

Tunajifunza nini? Mnyororo hufunguliwa kwa siku moja. Baada ya hapo mtu huru anahitaji ardhi, majirani na usalama.

Maswali:
1. Soko la watumwa lilifungwa mwaka gani?
2. Kwa nini mtu aliyeachwa huru hakuweza kurudi kwao peke yake?
3. Waulize wazee: mtaa wenu ulianzishwa na nani?