Mforsadi na sheria ya zizi

Burundi mbuzi haruhusiwi tena kuzurura. Tarehe 4 Oktoba 2018 ilitoka sheria kwamba mifugo ikae zizini na ilishwe humo humo. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa. Zamani mnyama alijitafutia chakula, leo chakula kinamfuata. Ndiyo maana unaona baiskeli zikiingia Bujumbura zimejaa majani.

Vijana wa Buyenzi ninaofanya nao kazi wakisikia habari ya kufuga wanauliza swali moja: majani tutayatoa wapi? Mimi nawaambia historia ya mforsadi, ule ambao kwa Kifaransa ni mûrier.

Kwao ni Asia. Wachina waliupanda maelfu ya miaka kwa ajili ya majani, maana ndiyo chakula cha kiwavi wa hariri. Karne ya 6 wamonaki walipeleka mayai ya kiwavi huyo kwa siri hadi Constantinople, na mti ukazidi kusambaa na biashara ya hariri. Jina lake tumelipata kwa Kiarabu kupitia pwani, kulekule kilikotoka Kiswahili chetu cha Buyenzi.

Kinachomlisha kiwavi kinamlisha mbuzi pia. Majani yake yakikaushwa yana protini karibu asilimia 15 hadi 25, yanayapita majani ya tembo. Mbegu si lazima: kata kijiti cha sentimita 25 hivi, chenye macho matatu au zaidi, ukichomeke mvua zikianza. Mwaka wa kwanza uache ushike mizizi. Baadaye unakata kila miezi miwili au mitatu. Matunda yakiiva, watoto wanakula. Ila mahali maji yanatuama, kama Gatumba, usipande.

Sasa jambo gumu. Mti unahesabu miaka, mkimbizi anahesabu miezi. Wazee wanasema, ukipanda kwenye ardhi ya mwenzio, kesho utahamishwa na kivuli atakaa mwingine. Ni kweli. Lakini mforsadi unasafiri: funga vijiti vyako kwenye kitambaa chenye maji, nenda navyo.

Na ninyi wa mashirika, kabla ya kugawa mbuzi, gaweni vijiti. Halafu andikeni kwenye karatasi majani ni ya nani. Sheria haiulizi kama mwenye mbuzi ni raia au mkimbizi, akizurura, unaadhibiwa. Mbuzi asiye na majani ni deni mlilompa mtu.