Kutoka Tuhuma hadi Waraka: Maswali na Hoja za Zitto Kabwe Bungeni, 2005–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kauli za bungeni za Zitto Zuberi Kabwe katika miaka kumi aliyoliwakilisha Jimbo la Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: neno la mbunge asiye na kura za kutosha hupata wapi nguvu? Kwa kulinganisha hoja ya Buzwagi ya mwaka 2007 na ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow ya mwaka 2014, makala yanadai kwamba nguvu hiyo haikutokana hasa na ufasaha wala ujasiri wa msemaji. Ilitokana na haki ya kuzifikia nyaraka za Serikali, na haki hiyo ilibadili hata sarufi ya usemaji wake.

1.0 Utangulizi

Uchaguzi mkuu wa Desemba 2005 uliipa CCM majimbo 206 kati ya 232. CUF ilipata 19, CHADEMA 5, na TLP na UDP kimoja kimoja. Katika Bunge la namna hiyo, mbunge wa upinzani aliingia ukumbini akijua kwamba hawezi kupitisha muswada wala kuuzuia. Alichobaki nacho ni neno lake, na mahali ambapo neno hilo lingehifadhiwa, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, inayojulikana zaidi kama Hansard.

Miongoni mwa wabunge hao wachache alikuwamo kijana wa miaka 29, mhitimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mjadala wa umma, umaarufu alioupata baadaye umeelezwa aghalabu kwa sifa zake binafsi: ulimi mwepesi, ujana, uthubutu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Msemaji alikuwa yule yule mwaka 2007 na mwaka 2014, ilhali mara ya kwanza alifukuzwa ukumbini na mara ya pili Bunge zima lilipitisha maazimio yaliyotokana na ripoti aliyoiongoza. Kilichobadilika kati ya matukio hayo mawili ndicho kinachohitaji maelezo.

2.0 Swali la bungeni na mipaka yake

Chombo cha kwanza cha mbunge wa nyuma ni swali. Utaratibu wake unafahamika: swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi, Waziri au Naibu Waziri husoma jibu lililoandaliwa na watendaji, kisha muulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza. Umbo la lugha nalo limeganda. Mbunge huuliza, “Je, Serikali ina mpango gani wa…?” au “Je, ni lini Serikali itakamilisha…?” Waziri hujibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na kwamba mchakato unaendelea.

Umbo hili lina faida na hasara. Faida yake ni kinga. Sentensi ya kuuliza haidai kitu kuwa kweli, hivyo muulizaji hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba amesema uongo. Hasara yake ni kwamba haimlazimishi mjibuji kutoa chochote zaidi ya maneno. Mtendwa wa swali ni mpango, na wakati wake ni ujao; jibu lisilo na tarehe wala kiasi cha fedha bado huhesabiwa kuwa jibu. Kwa swali la barabara au zahanati, hali hiyo huvumilika, kwa kuwa wananchi wenyewe wanaona kama barabara imejengwa au la. Kwa swali la mkataba, haivumiliki, kwa sababu mkataba hauonekani.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Majadiliano ya Bunge la Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili, lakini mikataba mikubwa ya madini na nishati iliandikwa kwa Kiingereza na kutunzwa kama siri. Sheria zenyewe ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Mbunge aliyetaka kujadili mrabaha, misamaha ya kodi au tozo za uwekezaji alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuupata waraka, na kuusema kwa lugha ambayo mpiga kura wa Kalinzi au Mwandiga angeielewa. Bila ya kazi ya kwanza, ya pili ilikuwa ni kutafsiri kitabu ambacho mfasiri hajakishika.

3.0 Buzwagi: hoja bila mkataba

Katika hotuba ya kulizindua Bunge tarehe 30 Desemba 2005, Rais Jakaya Kikwete aliahidi kwamba mikataba ya madini ingepitiwa upya. Wakati mapitio hayo yakiendelea, Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama. Saini hiyo iliwekwa London. Zitto aliuliza maswali ambayo kila msikilizaji angeweza kuyarudia: kwa nini mkataba mpya usainiwe kabla ya mapitio kwisha, na kwa nini usainiwe nje ya nchi?

Mwezi Agosti 2007 maswali hayo yaligeuzwa kuwa hoja binafsi, iliyolitaka Bunge liunde kamati teule ya kuuchunguza mkataba huo. Mabadiliko kutoka swali hadi hoja ni ya kikanuni, lakini pia ni ya kisarufi. Anayetoa hoja hawezi kubaki katika kuuliza. Analazimika kudai, yaani kusema kwamba jambo fulani limetokea na kwamba aliyelitenda ana la kujibu. Mara tu alipovuka mpaka huo, kinga ya swali ilikwisha, na kanuni inayomtaka mbunge kuthibitisha au kufuta kauli yake ikawa juu yake.

Uthibitisho kamili ulikuwa ndani ya mkataba, na mkataba haukuwa mezani. Hoja iliomba kamati ili waraka upatikane. Wapinzani wa hoja walitaka waraka kwanza ili kamati istahili kuundwa. Huu ulikuwa mduara usio na mlango. Bunge liliikataa hoja, na tarehe 14 Agosti 2007 likamsimamisha Zitto hadi Januari 2008 kwa kosa la kusema uongo dhidi ya Waziri.

Adhabu hiyo imezoeleka kusomwa kama ushahidi wa ukali wa chama tawala. Ikisomwa ndani ya mantiki ya Kanuni, inaonyesha jambo jingine pia: Bunge lilikuwa na utaratibu wa kupima ukweli wa mbunge, lakini halikuwa na utaratibu wa kumpatia mbunge huyo kitu cha kupimia.

4.0 Adhabu na matokeo yake

Kusimamishwa hakukulinyamazisha suala hilo. Hoja ilihamia viwanjani, ambako vyama vya upinzani vilifanya mikutano ya hadhara, na jina la Buzwagi, lililokuwa la mahali padogo Kahama, likawa neno la siasa nchini kote. Novemba 2007 Rais aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto, akiwa bado anatumikia adhabu, aliteuliwa kuwa mjumbe wake. Mtu aliyekataliwa kuuona mkataba akiwa mbunge alipewa nafasi ya kuiona mikataba akiwa mteule wa Rais.

Kamati hiyo iliwasilisha ripoti yake mwaka 2008. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na ikabadili msingi wa ukokotoaji ili utumike thamani ghafi ya madini badala ya thamani baada ya makato. Si sahihi kuihesabu sheria hiyo kuwa tunda la hotuba moja. Hata hivyo, mfuatano wa matukio unaonyesha kwamba hoja iliyoshindwa kwa kura haikushindwa kama ajenda.

5.0 Kamati za hesabu: waraka mkononi

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa na kishindo. Kanuni mpya za Bunge, toleo la 2007, zilizoandaliwa chini ya Spika Samuel Sitta, zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi. Chini ya utaratibu mpya, kamati za kusimamia hesabu ziliongozwa na wabunge wa upinzani. Zitto alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma kuanzia mwaka 2008. Kamati hiyo ilipounganishwa na Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 2013, akawa mwenyekiti wa kamati iliyounganishwa.

Mwenyekiti wa kamati ya hesabu hamwombi Waziri amweleze mpango. Anazo ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mamlaka yake yametajwa katika Ibara ya 143 ya Katiba, na anaweza kuwaita maofisa waje na vitabu vyao. Athari ya kwanza ilionekana Aprili 2012. Baada ya mjadala mkali wa ripoti za hesabu, Zitto alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ambayo Katiba inataka iungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wote na itolewe taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana, zikiwamo za wabunge wa CCM, ingawa hoja yenyewe haikufika mezani. Mwezi uliofuata Rais alilipanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita.

Athari ya pili ni ya mwaka 2014. Suala la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyofunguliwa Benki Kuu kutokana na mgogoro wa malipo kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL, liliibuliwa bungeni na David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, Mbunge wa Kigoma Kusini. Kafulila alikuwa katika nafasi ile ile aliyokuwamo Zitto mwaka 2007: alidai, na akatakiwa kuthibitisha. Tofauti ni kwamba safari hii dai lilikuwa na mahali pa kwenda. Ukaguzi maalumu ulifanywa, na ripoti yake ikachambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo iliwasilisha taarifa yake bungeni mwishoni mwa Novemba 2014.

Lugha ya taarifa za kamati haifanani na ile ya hoja binafsi. Kiima chake si nafsi ya kwanza umoja. Ni “Kamati imebaini”, “Kamati imejiridhisha”, “Kamati inapendekeza”. Vitenzi viko katika hali timilifu, yaani jambo limekwisha kuchunguzwa. Na kila dai limefungwa kwenye tarehe, barua, au kiasi cha fedha, ikiwamo jumla ya takribani shilingi bilioni 306 iliyotajwa katika mjadala huo. Kauli ya namna hii haiwezi kukanushwa kwa kumtaka msemaji afute maneno yake, kwa kuwa maneno si yake peke yake. Ni ya wajumbe wa vyama vyote, na makamu mwenyekiti wa Kamati, Deo Filikunjombe, alikuwa Mbunge wa CCM.

Bunge lilipitisha maazimio. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu Desemba 2014, waziri mmoja akaondolewa mwezi huo huo, na Waziri wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015. Pamoja na hayo, katika hotuba yake ya tarehe 22 Desemba 2014 Rais alishikilia kwamba fedha hizo hazikuwa za umma. Waraka ulileta uwajibikaji, lakini haukumaliza ubishi juu ya maana yake.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba kilicholeta mafanikio ya 2014 ni mpasuko ndani ya CCM, na kwamba waraka ulikuwa kisingizio tu. Dai hili lina uzito. Pasipo wabunge wa chama tawala kuunga mkono, hakuna azimio ambalo lingepita. Lakini mpasuko huhitaji mahali pa kukutania. Mbunge wa CCM asingeweza kusimama nyuma ya tuhuma za mpinzani bila kuonekana msaliti. Nyuma ya ripoti ya Mdhibiti na ya kamati yenye wajumbe wa vyama vyote, aliweza.

Pingamizi la pili ni la hadhira. Mijadala ya 2007 na 2014 ilifuatiliwa nchini kote kupitia matangazo ya moja kwa moja. Januari 2016 Serikali ilitangaza kupunguza matangazo hayo katika televisheni ya taifa, na wabunge wa upinzani walipinga ukumbini. Zitto, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alikuwa miongoni mwa waliosimamishwa mwaka huo kutokana na purukushani hizo. Waraka usiosikika nje ya ukumbi hupoteza sehemu ya nguvu yake. Hivyo hoja ya makala haya haipaswi kusomwa kana kwamba waraka unatosha peke yake.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za maliasili, mojawapo ikitaka mikataba ya utajiri wa asili itolewe taarifa kwa Bunge ndani ya siku sita za vikao. Mrabaha wa dhahabu nao ulipandishwa hadi asilimia 6. Miswada hiyo ililetwa na Serikali ya chama kile kile, na ilipitishwa kwa hati ya dharura huku upinzani ukilalamikia ufinyu wa muda wa kuisoma. Msingi wake, kwamba Bunge lina haki ya kuuona mkataba wa madini, ndio ambao miaka kumi kabla ulimgharimu mbunge mmoja nafasi yake ukumbini kwa miezi mitano.

Kwa mtafiti wa lugha, Hansard za miaka hiyo hazitoshi kusomwa kama ghala la hotuba za kusisimua. Zinapaswa kusomwa kwa kuuliza, katika kila kauli, msemaji alikuwa na karatasi gani mkononi. Pale asipokuwa nayo, Kiswahili chake kiliuliza, au kilidai na kikaadhibiwa. Pale alipokuwa nayo, Kiswahili chake kilibaini.