Milango ya kuteleza Buterere: pima kabla ya kuagiza

Mfanyabiashara anayepeleka Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, milango ya kuteleza ya kabati la nguo au ya kugawa chumba, aanze na vipimo, bei ifuate. Ubao wa kawaida wa MDF ni sm 122 kwa 244. Nafasi ya sm 240 yenye milango miwili inayopishana sm 5 inadai mlango wa sm 122.5. Nusu sentimita imekosekana! Hapo weka milango mitatu ya sm 83.3.

Mlango huo, ukiwa na kimo cha sm 230 na unene wa mm 18, una takriban kilo 26. Ukibandikwa kioo cha mm 4 hufikia kilo 45, na magurudumu yachaguliwe kwa uzito huo. Fundi apime upana juu, katikati na chini, kisha afuate kipimo kidogo.

Reli ya chini inafaa kabati. Kwa kugawa chumba, mlango wa kuning'inia ni bora, lakini reli ishikwe na linta au boriti; dari haibebi. Buterere ni bondeni na hufurika mvua zikizidi, nayo MDF ikilowa huvimba.

Mpakani Kobero, kumbuka kuwa kabati lililofunguliwa vipande bado ni fanicha. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umeweka fanicha za nje ya Jumuiya kwenye asilimia 35. Reli na magurudumu pekee huingia kifungu 8302. Yaandikwe kwenye ankara kwa mstari wake.